Namna ya kulinganisha kani nne za asili mwenyewe, bila kukariri jedwali

Lile jedwali la kani nne nadhani kila aliyesoma fizikia kashakutana nalo. Nyuklia kali ikipewa 1, sumakuumeme ni 1/137, nyuklia dhaifu 10^-6 hivi, uvutano 10^-38 au 10^-39, mtu anakariri, anaenda kujibia mtihani, ukimuuliza hiyo 10^-38 imetoka wapi anabaki anakutolea macho. Afu ukichukua vitabu viwili unakuta havikubaliani, kimoja kinaipa nyuklia dhaifu 10^-6 kingine 10^-13, unajiuliza nani muongo. Hakuna muongo, kila mmoja kapimia mahali pake ila hakusema kapimia wapi, na shida yote iko hapo.

Mimi nasema swali la "kani ipi ina nguvu kuliko zote" likiwa peke yake halina jibu. Kabla hujajibu lazima ujue mambo matatu: ni kati ya nini na nini, vipo umbali gani, na vina nishati kiasi gani. Ukishayajua hayo mengine ni kalkuleta tu, hata ya simu inatosha ilimradi iwe ile ya kisayansi yenye vipeo, maana sifuri za humu ni nyingi mno kuandika kwa mkono.

Anza na nani anahusika

Kani haigusi kila kitu. Uvutano ndo pekee usiobagua, chochote chenye tungamo au nishati kinavutwa. Sumakuumeme inataka chaji. Nyuklia kali inashika vijichembe viitwavyo kwaki na vitu vilivyoundwa na kwaki (protoni, nyutroni na jamaa zao), elektroni haina habari nayo kabisa, unaweza ukaipitisha katikati ya kiini cha atomu na kani kali isiiguse hata kidogo. Kwahiyo mtu akikuuliza kati ya kani kali na sumakuumeme ipi ina nguvu zaidi kwa elektroni, jibu ni sumakuumeme, maana ile nyingine kwake ni sifuri.

Nyutrino, chembe ndogo sana, ndo mfano mzuri zaidi. Haina chaji, haina kwaki ndani yake, imebakiwa na nyuklia dhaifu na uvutano basi. Matokeo yake kila sentimita ya mraba ya mwili wako inapitiwa na nyutrino za Jua zaidi ya bilioni 60 kila sekunde, mchana zinatokea juu, usiku zinatokea chini baada ya kuipita dunia nzima, na wewe huna habari.

Kitu kingine hapa hapa: usije ukaongeza kwenye orodha vitu kama msuguano, mkazo wa kamba, kani ya meza kukisukuma kitabu juu, au ya springi. Zote hizo ukizichimba ni sumakuumeme kati ya atomu na atomu (pamoja na ile sheria ya kwanta inayozikataza elektroni kukaa mahali pamoja katika hali moja). Karibu kila kitu unachokihisi kwa mkono ni sumakuumeme, kasoro uzito.

Uvutano na umeme: hii ndo rahisi kuliko zote

Chukua protoni mbili. Zinavutana kwa uvutano sababu zina tungamo, na zinasukumana kwa umeme sababu zote zina chaji chanya. Tunataka kujua nani anashinda na kwa mara ngapi.

Namba unazohitaji: G (namba ya kudumu ya uvutano) ni 6.67×10^-11, k ya umeme ni 8.99×10^9, chaji ya protoni ni 1.60×10^-19, tungamo yake 1.67×10^-27 kilo. Kani ya umeme ni k mara chaji mara chaji, gawanya kwa mraba wa umbali. Kani ya uvutano ni G mara tungamo mara tungamo, gawanya kwa mraba wa umbali. Sasa angalia vizuri, zote mbili zinagawanywa kwa mraba wa umbali, kwahiyo ukiigawa moja kwa nyingine umbali unajikata wenyewe unatoweka. Hauulizwi tena. Ziwe zimegusana au ziwe galaksi mbili tofauti, uwiano ni ule ule.

Juu unapata 2.30×10^-28, chini unapata 1.86×10^-64, gawanya: 1.24×10^36. Yaani umeme umeuzidi uvutano mara trilioni trilioni trilioni moja na ushee. Sasa rudia hesabu hiyo hiyo ila badala ya protoni mbili weka protoni na elektroni (elektroni ni 9.11×10^-31 kilo), chaji zinafanana ukubwa ila tungamo imeshuka, jibu linakuwa 2.27×10^39. Umeona? Ndo maana, ukiulinganisha uvutano na umeme, jedwali moja linasema 36 na lingine 39 (ile 10^-38 ya mwanzo imelinganishwa na nyuklia kali, siyo na umeme). Siyo kosa la chapa, wamebadilisha chembe tu.

Hapo pia utagundua kitu ambacho watu hawakisemi: ukubwa wa uvutano unategemea tungamo uliyochagua, na asili imetupa chembe nyepesi sana. Ungeweza kuuliza kinyume, chembe mbili zenye chaji moja moja ya elektroni zingehitaji kuwa na uzito gani ili uvutano na umeme vitoke sare? Chukua k mara mraba wa chaji, gawanya kwa G, tafuta kipeuo cha pili, unapata 1.86×10^-9 kilo, karibu mikrogramu 2. Hiyo ni vumbi! Punje mbili za vumbi za uzito huo, kila moja ikiwa na elektroni moja ya ziada, zingekaa angani mbali na kila kitu bila kusukumana wala kuvutana.

Basi kama umeme una nguvu hivyo kwanini tunaishi tumebanwa chini na uvutano na siyo umeme? Sababu chaji ziko za aina mbili na zinafutana. Dunia ina protoni nyingi ajabu lakini ina elektroni karibu idadi ile ile, jumla ni karibu sifuri. Tungamo haina hasi, kila kilo inayoongezwa inajumlishwa tu, hakuna wa kuifuta, ndo mpaka unafika kilo 5.97×10^24 za dunia na uvutano unaanza kuonekana kitu. Jaribu mwenyewe leo: kata vipande vidogo vya karatasi, sugua kichana cha plastiki kwenye nywele kavu, kisogeze. Vipande vinaruka juu. Dunia nzima inavuta chini na kichana chenye chaji kidogo kabisa iliyopotea usawa kinaishinda. (Kama hewa ina unyevu jaribio linagoma, chaji inavuja, subiri siku kavu.)

Nyuklia kali: hapa umbali haukatiki tena

Sasa rudisha zile protoni mbili, ziweke femtomita 1 kutoka mwenzake, yaani 10^-15 ya mita, umbali wa kawaida ndani ya kiini. Ile 2.30×10^-28 gawanya kwa 10^-30, unapata newtoni 230. Simama hapo kidogo uifikirie maana hii namba watu huipita haraka, newtoni 230 ni uzito wa mzigo wa kilo 23 hivi, unaosukuma kitu chenye tungamo ya 10^-27 kilo. Ingekuwa umeme peke yake kiini kingelipuka hapo hapo. Heliamu isingekuwepo, kaboni isingekuwepo, kungekuwa na haidrojeni tupu.

Kwahiyo lazima kuna kitu kinashika kwa nguvu kuzidi hizo 230, na kweli kipo, kwenye umbali wa karibu femtomita 1 mvuto wa nyuklia kati ya protoni au nyutroni mbili unafika maelfu ya newtoni. Lakini siyo kila mahali. Ukizisogeza karibu sana, chini ya femtomita 0.7 hivi, mvuto unageuka kuwa msukumo. Ukizitenganisha zikapita femtomita 3 mvuto umekwisha, wakati umeme bado upo unaendelea kusukuma. Kwahiyo "kali imeizidi sumakuumeme mara mia" ni kweli ndani ya kiini tu, nje ya hapo kali inapigwa na umeme bila ushindani.

Na hii tofauti ya umbali ndo inayoamua atomu zipi zidumu. Ndani ya kiini kikubwa kila protoni inasukumwa na protoni nyingine ZOTE, hata zilizo upande wa pili, ila inashikwa na majirani wa karibu tu. Ukiongeza protoni msukumo unapanda haraka kuliko mshiko, mpaka inafika mahali hata ukijaza nyutroni kusaidia kushika haisaidii. Kikomo ni risasi, protoni 82. Bismuti yenye 83 kwa miaka mingi ilihesabiwa kuwa imara, mwaka 2003 ikaonekana nayo inaoza, ila nusu uhai wake (muda wa nusu ya atomu zake kuoza) ni kama miaka 2×10^19, muda ambao umri wote wa ulimwengu haujafika hata karibu. Kuanzia hapo kwenda juu, urani na wenzake, zote zinaoza.

Ukweli ni kwamba hiyo inayoshika protoni na nyutroni ni mabaki tu. Kani kali yenyewe iko ndani, kati ya kwaki na kwaki, inabebwa na gluoni (ushahidi wake ulipatikana mwaka 1979 maabara ya DESY, Hamburg). Na tabia yake ni ya ajabu, kwaki zikitengana kani haipungui, inabaki pale pale karibu newtoni 160,000, sawa na uzito wa tani 16, kama mpira unaovutwa. Unaongeza nishati, unaongeza, mwisho nishati inatosha kuzaa kwaki mpya na antikwaki yake, mpira unakatika na kila upande una kwaki zake, hujapata kwaki pekee hata moja. Ndo maana hakuna aliyewahi kuiona kwaki ikitembea peke yake. Halafu nishati hiyo ndo uzito wako, kwaki tatu za protoni ukizijumlisha tungamo zake hazizidi MeV 10 (MeV ni kipimo cha nishati, tungamo ya chembe nayo hupimwa kwacho) wakati protoni nzima ni MeV 938. Iliyobaki karibu yote ni nishati ya kani kali na mwendo wa hizo kwaki.

Chombo kimoja cha kukisia umbali wa kani

Hiki kikariri, kinafaa kweli. Kani inabebwa na chembe, na chembe ikiwa nzito haifiki mbali. Chukua 197, gawanya kwa tungamo ya mbebaji katika MeV, jibu ni umbali katika femtomita. Basi.

Fotoni tungamo yake ni sifuri kwahiyo umbali hauna mwisho, ndo maana mwanga wa nyota unakufikia. Pioni, ambayo ndo hubeba yale mabaki ya kani kali kati ya protoni na nyutroni, ina MeV 140, 197 gawanya kwa 140 ni femtomita 1.4, sawasawa na tulichokiona juu. Mwanafizikia Yukawa alifanya hesabu hii kinyume mwaka 1935, alijua umbali akatabiri tungamo, pioni ikapatikana 1947. Gluoni nayo haina tungamo lakini usije ukatumia chombo hiki kwake, gluoni zinashikana zenyewe kwa zenyewe na hesabu inaharibika.

Sasa weka W, mbebaji wa nyuklia dhaifu, MeV 80,400. Unapata femtomita 0.0025. Hiyo ni ndogo kuliko protoni yenyewe mara mamia! Na hapa ndo siri ya neno dhaifu. Kani hii kwa asili yake siyo dhaifu hata kidogo, namba yake ya ukali ni kama 1/30, sumakuumeme ni 1/137, yaani dhaifu ndo kubwa. Inaonekana dhaifu sababu mbebaji wake ni mzito na kwa nishati ndogo hapatikani kirahisi. Kadirio la haraka: chukua nishati ya tukio katika MeV, gawanya kwa 80,400, piga mraba. Kwa tukio la MeV 1, kama kuoza kwa beta (nyutroni kugeuka protoni na kutoa elektroni), unapata 1.5×10^-10. Kwa tukio la MeV 1000 unapata 1.5×10^-4. Mara milioni tofauti, kani ile ile moja. Ndo ule ugomvi wa vitabu viwili pale mwanzo, kila mtu kachagua nishati yake na umbali wake. Ukipandisha nishati hadi kufikia tungamo ya W yenyewe udhaifu unaisha, kani dhaifu na sumakuumeme zinaanza kufanana na unaona kumbe ni kitu kimoja. Glashow, Salam na Weinberg walipewa Nobel ya jambo hili mwaka 1979, na W na mwenzake Z (mbebaji mwingine wa kani dhaifu) zenyewe zikaja kuonekana maabara ya CERN mwaka 1983, zawadi imetangulia chembe!

Njia nyingine: tumia saa

Kama hesabu za newtoni zinakuchosha kuna njia naipenda zaidi, angalia chembe inachukua muda gani kuvunjika. Kani yenye nguvu inavunja haraka, kani dhaifu inachelewa. Chembe zinazovunjwa na kani kali zinaishi kwenye sekunde 10^-23 au 10^-24. Pioni isiyo na chaji inavunjwa na sumakuumeme, inaishi sekunde 8.4×10^-17. Pioni yenye chaji inavunjwa na dhaifu, sekunde 2.6×10^-8. Na hizi pioni mbili karibu zinalingana uzito, MeV 135 na 140, ni kama ndugu, ila mmoja anaishi mara milioni 300 zaidi ya mwenzake sababu tu kani iliyomkuta ni nyingine.

Ila njia hii itumie kwa akili, maana muda unategemea pia nishati iliyopo ya kuvunjikia. Nyutroni iliyo peke yake inaishi wastani wa sekunde 880 hivi, karibu dakika 15, na ni kani ile ile dhaifu iliyoivunja pioni kwa 10^-8. Tofauti ni kwamba nyutroni imeizidi protoni kwa MeV 1.3 tu, haina nafasi ya kutosha ya kuvunjikia, inasuasua.

Na ucheleweshaji huu ndo umetuweka hai. Ili Jua liwake, hatua ya kwanza ni protoni mbili kukutana na moja igeuke nyutroni pale pale, na kugeuka huko ni kazi ya kani dhaifu peke yake. Protoni moja katikati ya Jua inasubiri wastani wa mabilioni ya miaka kabla haijafanikiwa. Ingekuwa kazi hiyo ni ya kani kali Jua lingekuwa lilishamaliza mafuta yake zamani, siyo kuwaka miaka bilioni 4.6 na bado lipo.

Mambo madogo ya kuwa makini nayo

Namba za ukali hazijasimama. 1/137 ni ya nishati ndogo, ukipanda hadi tungamo ya Z inakuwa karibu 1/128, wakati ya kani kali inashuka, hapo hapo kwenye Z ni 0.118 tu badala ya ile 1 ya kwenye jedwali. Kushuka huko kulionyeshwa na wanafizikia Gross, Politzer na Wilczek mwaka 1973.

Usiandike kwamba gravitoni (chembe inayodhaniwa kubeba uvutano) imegunduliwa. Kilichonaswa na mitambo ya LIGO mwaka 2015 ni mawimbi ya uvutano, siyo chembe yake. Kuhusu kasi ya uvutano kuwa sawa na ya mwanga hata hivyo hakuna ubishi mkubwa tena, mwaka 2017 nyota mbili za nyutroni ziligongana umbali wa miaka ya mwanga kama milioni 130, mawimbi ya uvutano yakafika na miale ya gama ikafuata sekunde 1.7 baadaye. Safari ya miaka milioni 130 tofauti sekunde 1.7.

Zoezi

Elektroni mbili: tafuta uwiano wa umeme kwa uvutano. Ukifanya vizuri utapata 4.2×10^42. Umbali wa Z yenye MeV 91,200: jibu liwe femtomita 0.0022.

La mwisho ni tamu. Dunia ni kilo 5.97×10^24, Mwezi ni kilo 7.35×10^22. Tuseme tunataka kuufuta kabisa mvuto kati yao kwa kuweka elektroni za ziada, idadi sawa kila upande. Zidisha G kwa tungamo zote mbili, gawanya kwa k, tafuta kipeuo cha pili, hiyo ni chaji inayotakiwa kila upande, kama coulomb 5.7×10^13. Igawanye kwa chaji ya elektroni moja upate idadi, zidisha kwa tungamo yake. Inakuja kama kilo 324 za elektroni duniani na kilo 324 mwezini, na umbali wa Mwezi hujauliza popote maana umejikata.